Umeifanyia Nini Pikapu Yangu

Gereji, Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwalimu,

Salamu utazipata kwa mama yako, ameziandika pembeni mwa karatasi hii. Mimi sina. Nimekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mikono imejaa grisi, na nina swali moja tu. Umeifanyia nini pikapu yangu?

Ulikuja likizo ya siku tisa. Siku ya saba nilikukuta umejikunja chini ya usukani, umechomeka waya kwenye kile kitundu kilicho juu ya pedali, na hiyo kompyuta yako ya mapajani iko juu ya kiti, bawaba yake imefungwa kwa utepe wa gundi. Nikakuuliza unafanya nini. Ukanijibu kwa macho makavu, "Naangalia tu, Baba." Nikakuamini. Wewe ni mwanangu, na kazi yako ni kufundisha watoto wa shule kompyuta. Magari hukufundishwa na mtu ila mimi, na hizo video zako.

Sasa kile kilima cha kwenda kwa wauza vyuma chakavu, pikapu yangu ilikuwa inakipanda kwa gia ya tatu na injini nzima mgongoni. Jana nikatia ya pili, nikatia ya kwanza, na bado mtu wa baiskeli akanipita. Baiskeli! Akanipungia mkono, mshenzi yule.

Miaka thelathini na minne watu wa hapa wananiita Fundi Sikio. Mteja akiwasha gari, nafumba macho, namtajia ugonjwa kabla hajamaliza kulalamika. Leo wananiona nikipanda kilima kwa miguu ya kobe, na aliyeniharibia ni mwanangu wa kumzaa.

Niandikie jinsi ya kurudisha ulichokitoa. Usinipigie simu. Simu za siku hizi zinanong'ona tu, hazisemi. Ile ya nyumbani nimeizima, iko kwenye sanduku la spana.

Baba yako


Nyumba za walimu, Jumapili, tarehe 10 Machi

Baba, shikamoo.

Sikuiba kitu kwenye gari lako. Nimechelewesha kidogo moto wa plagi, na nimeongeza petroli kidogo pale injini inapobeba mzigo. Ndiyo maana nguvu imepungua. Nimefanya hivyo kuilinda injini, petroli ya siku hizi ni chafu na gari lenyewe ni la umri wangu. Liache hivyo mpaka nije mwezi wa nane. Usilipakie mzigo mzito.

Lingine la kukueleza sina.

Na hizo "video" unazozibeza, Baba, ndizo nilizojifunzia kutengeneza gari langu mwenyewe, uani hapa nyuma, nikiwa na laptopu hiyohiyo yenye bawaba mbovu na waya niliouagiza. Naona joto la injini, naona plagi zinawaka saa ngapi, naona kila silinda inakula kiasi gani. Mwaka wa tatu huu sijalipeleka kwa fundi yeyote. Sisemi hivyo kukutukana. Nasema ujue kwamba sikuwa nachezea.

Mwambie Mama salamu zake zimefika.

Binti yako


Gereji, Jumapili, tarehe 17 Machi

Mwalimu,

Kwa hiyo hutaki kunieleza jinsi ya kuirudisha. Unaniambia nisubiri mwezi wa nane kama mgonjwa anayesubiri daktari! "Mwaka wa tatu sijalipeleka kwa fundi yeyote." Umeandika hivyo kwa kalamu, kwenye karatasi, kwa baba yako ambaye spana ndizo zilizokupeleka chuo. Mama yako alipokuwa ananisomea alifika hapo akakunja karatasi. Nikamnyang'anya barua nikasoma mwenyewe.

Basi nisikilize. Nimekwenda kwa wauza vyuma chakavu, nimekuta pikapu kama yangu iliyogongwa ubavuni, nimeing'oa kompyuta yake yote, ile inayoongoza injini, na kuja kuifunga kwangu. Dakika ishirini na spana namba kumi. Hiyo ya kwangu uliyoitia mkono nimeitupa juu ya kabati la boliti, ukija utaichukua ukacheze nayo.

Gari limepona. Jana nimekipanda kile kilima kwa gia ya tatu na giaboksi mbili nyuma. Nimeshusha kioo, nikasikiliza. Linaimba, Mwalimu. Halina hata kelele moja. Injini imetulia kuliko siku niliyoinunua.

Jumatatu ijayo nampeleka mama yako kwa dada yake na giaboksi ya mteja naipitisha hukohuko. Tutapita na kilima hichohicho. Yule wa baiskeli nikimkuta, nami nitampungia mkono.

Baba yako, fundi


Nyumba za walimu, Ijumaa, tarehe 22 Machi

Baba,

Barua yako imefika leo. Nimepiga ile simu mara kumi na moja, imezimwa. Nimepiga kwa jirani, naambiwa amesafiri. Naandika nikiwa darasani, wanafunzi wanaandika mtihani.

USILIPANDISHE GARI HILO KILIMANI. Injini yako inagonga. Halijapona, na wala haliimbi! Nililiona kwenye laptopu siku ile ya saba. Kila ukikanyaga mafuta na mzigo uko nyuma, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na kupiga pistoni nyundo. Kompyuta ya gari ilikuwa inajitahidi kuzuia, ikashindwa, ndipo nikaisaidia. Wewe umeutoa msaada huo ukautupa juu ya kabati!

Huniamini, sawa. Mweke Mama kando yako, panda mita hamsini tu bila mzigo, kisha muulize Mama anasikia nini. Muulize yeye. Halafu rudisha kompyuta ya zamani siku hiyohiyo.

Nakuomba, Baba. Ukitaka nipige magoti nitapiga, lakini Jumatatu usiende.

Binti yako


Nyumbani, Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mwanangu,

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Barua yako imefika Jumanne. Gari lilikufa Jumatatu.

Tulikuwa karibu na kilele. Mimi nilikuwa nasikia tangu tulipoanza kupanda. Ilikuwa kama mtu ametia kokoto ndani ya kopo analitikisa. Nikamwambia, "Baba Mwalimu, punguza." Hakusikia. Nikamgusa bega, akacheka, akaniambia, "Unasikia linavyokwenda?" Hapo hapo pakatokea kishindo, moshi ukajaa, injini ikafa. Breki ikawa ngumu, baba yako anaikanyaga kwa miguu yote miwili na gari linarudi nyuma na ile giaboksi. Tulikwenda kinyumenyume mpaka mtaroni, tukapiga ukuta wa mtu. Mtoto wa shule alikuwa amekaa juu ya ukuta huo. Aliruka. Mungu alimpa miguu myepesi, vinginevyo leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Mimi nimevunjika mtulinga wa kulia, huu mfupa wa begani. Baba yako amechanika kidevu. Ile simu aliyoizima alikuwa ameitoa kwenye sanduku akaitia mfukoni mwa koti lake, imepasuka.

Nina hasira nanyi wawili, na nina hasira nami zaidi. Siku ile ya saba ulikuja jikoni uso umekubadilika, ukasema, "Mama, Baba hasikii." Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakwambia usimwambie, utamuua. Nilijua. Mwaka wa pili huu mimi ndiye masikio yake. Mteja akisema breki zinalia, mimi nasimama nyuma nakunja nguo, nasema kwa sauti, "Ehee, breki zinalia!" Baba yako anadhani uzee umenifanya mpayukaji. Nikamlinda, nikamlinda, mpaka karibu tumuue mtoto wa watu.

Hajui kwamba ulikuja kwangu kwanza. Barua yako ya Ijumaa ameisoma mara tatu. Ananiuliza kila saa: "Ulisikia nini wewe?" Bado sijamjibu. Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Mama yako


Nyumba za walimu, Jumatatu, tarehe 1 Aprili

Baba,

Nilitaka kuja. Mkuu wa shule amenikatalia mpaka mitihani iishe, na nimegombana naye mbele ya walimu wote. Kwa hiyo naandika.

Siku ya sita ya likizo yangu tulikwenda pamoja kuchukua zile rimu za magurudumu. Tulipopanda, nikasikia injini inagonga, waziwazi, mtu aliyesimama barabarani angeisikia. Nikakutazama nione utafanya nini. Wewe ukashusha kioo, ukatoa kiwiko nje, ukaniambia, "Sikiliza ilivyotulia." Ulikuwa unatabasamu. Nilidhani unanitania.

Kesho yake nikachomeka laptopu kuhakikisha kama ni mimi au ni wewe. Sensa ya injini, kile kihisi cha kugonga, ilikuwa inapiga kelele kwenye kioo cha laptopu, mistari myekundu juu chini, juu chini. Haikuwa mimi.

Baba, masikio yako hayasikii. Sauti nene bado unazisikia. Zile nyembamba na kali hazikufikii. Ndiyo maana simu zinanong'ona. Simu hazijabadilika.

Nililijua hilo nikanyamaza. Nikabadilisha gari badala ya kukwambia, nikidhani nitainunulia injini muda na wewe hutajua kitu. Lilikuwa wazo langu, nililifanya kwa mikono yangu, na mtulinga wa Mama uko juu yangu.

Nisamehe, kama unaweza.

Binti yako


Gereji, Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Wewe,

Siwezi.

Nimeishusha injini, nimeifungua mezani. Pistoni ya tatu imetoboka katikati, konrodi, ile fimbo inayoisukuma, imekatika ikatokea ubavuni. Nikafuata kwa nini, kwa sababu mimi bado ni fundi hata kama ni kiziwi. Unajua nimekuta nini? Nozeli ya silinda ya tatu, ile inayopuliza petroli, imeziba. Silinda ikawa inapata hewa nyingi na petroli kiduchu, inaungua kwa joto. Nozeli moja! Ungeniambia, "Baba, linagonga," ningefungua nozeli zote nne asubuhi hiyohiyo, nikazisafisha kwa mafuta na hewa, na kabla ya chakula cha mchana gari limepona. Masikio yangu yamekufa. Vidole vyangu vimekufa? Macho yangu? Hiki kichwa kimekufa?

Wewe hukujua kuhusu nozeli. Kioo chako kilikuonyesha mistari myekundu, ukaizima mistari. Umetibu homa ukaacha kidonda. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hapa gereji huwa namfukuza kwa kosa hilo!

Hilo ni la ufundi. La pili ni la mzazi na mwana. Umekaa karibu yangu kwenye kiti kimoja ukanipima kama mtu anavyompima mtoto anayejifunza kusema. Ukaniona natabasamu kama mjinga na kiwiko dirishani. Ukarudi nyumbani ukala chakula mezani kwangu, ukaniaga, ukapanda basi. Na siri yangu ukaondoka nayo wewe. Miaka sitini na miwili nimeishi, nani alikupa ruhusa ya kuamua nijue nini na nisijue nini kuhusu mwili wangu mwenyewe?

Nilikuwa nadhani dunia imetulia. Nakwambia hili ujue ulichoniachia. Nilidhani ndege wamehama kwa sababu ya viwanda. Nilidhani wateja wamekuwa watu wa aibu, wanasema kwa midomo tu. Nilikuwa namwonea mama yako huruma kwa kupayuka.

Usiniandikie mpaka nikwambie.

Baba yako


Nyumba za walimu, Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Baba,

Umenikataza, naandika. Kichaa hiki cha hasira nimekirithi kwako, huwezi kukikataa.

Kuhusu nozeli ni kweli tupu. Nimeisoma sentensi hiyo nikaona aibu mpaka nikatoka nje. Nilikuwa na namba zote mbele yangu, silinda ya tatu ilikuwa na joto zaidi kuliko nyingine, na sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na haraka ya kuficha. Mtu mwenye haraka ya kuficha haoni kitu.

Lakini hilo la pili sitalibeba peke yangu. Unauliza nani alinipa ruhusa. Wewe, Baba! Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipokwambia umefunga mkanda wa feni vibaya kwenye lile basi. Ulikuwa umeufunga vibaya. Ulikula chakula chako gereji siku nane, hukunisemesha, na Mama ndiye aliyekuwa anakuletea maji na kuniletea mimi majibu. Siku nane kwa mkanda wa feni! Sasa niambie, kwa masikio yako ungekaa kimya miaka mingapi? Nyumba yetu yote imejengwa kwa kukuzunguka wewe kwa kunyata. Halafu unashangaa hakuna aliyekanyaga kwa nguvu.

Na kuna jambo ambalo hujaligusa, nami nililiogopa zaidi ya gari lako. Miaka miwili, Baba. Magari mangapi yamepita mikononi mwako yakatoka na neno lako, "Liko sawa, nenda"? Ulisikiliza mangapi? Mama hakuwapo kila mara. Wenye magari hayo wanaendesha leo, wamepakia watoto. Nikasirikie utakavyo, lakini wao wanahitaji kuambiwa, na wanahitaji kuambiwa na wewe.

Binti yako


Gereji, Jumapili, tarehe 28 Aprili

Mwalimu,

Barua yako niliichana. Kisha nikaunganisha vipande mezani kwa sababu kulikuwa na sentensi moja iliyoniganda kichwani, ile ya "nenda".

Mama yako ameniambia kwamba ulikwenda kwake kwanza na yeye ndiye aliyekuziba mdomo. Umeandika kwamba lilikuwa wazo lako. Huo nao ni uongo, sijui mmenificha mangapi. Nimegombana naye siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, akiwa amesimama mbele yangu na bega lake limefungwa, anasema taratibu nione mdomo: "Nilikuwa naogopa ukiacha kazi utakufa." Gereji nimeifunga wiki mbili, na jinsi siku zilivyokwenda nimeona kwamba hakuwa anatia chumvi.

Nimeyakumbuka magari. Sikuwa na daftari, nimekumbuka kwa sura za watu. Arobaini na saba niliyoyapitisha kwa kusikiliza tu. Nimekwenda kwa mguu, nyumba kwa nyumba, kazi kwa kazi. Kila mlango nasema hivihivi: "Mimi siku hizi sisikii vizuri. Gari lako nililiangalia kwa masikio. Naomba niliangalie tena." Hujui jinsi maneno hayo yanavyokwaruza koo. Mlango wa kwanza niliyasema nikiwa nimeinama. Mlango wa ishirini nilikuwa nayasema kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake.

Wengine walinicheka. Mwenye duka la saruji alidhani natafuta kazi. Mama mmoja mwenye kigari cha kijani alinikaribisha nikae, nikakataa, nilikuwa sitaki kuhurumiwa. Mwendesha lori la mchanga alinitukana mpaka povu, na huyo nilimsikia vizuri sana.

Mawili yalikuwa mabovu kweli. Moja ni la mshona viatu, beringi ya gurudumu la mbele imekwisha, nililishika gurudumu likacheza mkononi kama jino la mtoto. Mwenyewe anasema lilikuwa linapiga mluzi tangu mwezi wa kumi na moja, lakini mimi nilimwambia liko sawa, kwa hiyo akaniamini mimi kuliko masikio yake. La pili ni gari linalopeleka watoto shule. Pedi za breki za nyuma zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Dereva wake alikuwa anaongeza sauti ya redio ili asilisikie, kwa sababu Fundi alisema nenda. Nimekaa chini ya gari hilo na pedi mkononi, nikashindwa kutoka. Dereva akainama kuuliza kama nimeumia.

Nimeyatengeneza yote mawili palepale. Yaliyobaki ni sita, wenyewe wamesafiri.

Hili halikufanyi wewe uwe na haki. Ulinificha, nami sijakusamehe, na sijui nitakusamehe lini. Na la mkanda wa feni, ulikuwa umefungwa vibaya. Hilo nalo nimeligombania nafsini siku nzima.

Sasa nakwambia nitakalo. Mitihani ikiisha njoo, na hiyo kompyuta yako njoo nayo. Injini nyingine nimeipata, iko mezani, nozeli zake nimezisafisha kwa mkono wangu. Utachomeka waya wako mbele yangu, nami nimesimama, na kila mstari mwekundu utanionyesha kwa kidole, uniambie ni nini, nami nitakwambia umetoka wapi. Nikikosea niambie nimekosea. Simama mwangani, nitazame usoni, fungua mdomo vizuri. Nikinuna, ninune. Wewe usinyamaze.

Mama yako anasema nimalizie kwa maneno ya upole. Sitaki. Njoo.

Baba yako